Kuunganisha LibreOffice Base na seva ya PostgreSQL, kuanzia seva hadi kwenye fomu

Mara nyingi mambo huanza hivi. Mtu mmoja anatengeneza hifadhidata ndogo kwenye LibreOffice Base, programu ya hifadhidata iliyomo ndani ya LibreOffice, anaweka majedwali mawili matatu, anachora fomu, na kazi inakwenda. Baada ya muda mwenzake naye anataka kuingiza taarifa, basi faili linahamishiwa kwenye folda ya pamoja. Hapo ndipo shida inapoanza. Faili la .odb ni kifurushi kilichobanwa na data yote imo ndani yake. Aliyelifungua kwanza ndiye anayeandika, wa pili anapewa la kusoma tu. Umeme ukikatika kabla kifurushi hakijaandikwa upya, kazi ya asubuhi nzima inaweza kupotea.

Dawa yake ni kuhamishia data kwenye seva na kuiacha Base iwe dirisha la kuitazamia. Faili la .odb litabaki na fomu, hoja (maswali unayoiuliza data) na ripoti, lakini rekodi zenyewe zitakaa PostgreSQL, programu ya hifadhidata ya seva ambayo imeundwa kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Nimechagua PostgreSQL kwa sababu draiva yake, yaani kiunganishi chake, imo ndani ya LibreOffice tangu toleo la 3.5 la mwaka 2012. Huhitaji kusanidi ODBC (daraja la kati la kuunganishia hifadhidata) wala kuhangaika na Java ili tu uweze kuunganisha.

Kabla hujagusa chochote, fahamu kwamba kati ya fomu yako na rekodi kuna milango kadhaa iliyopangana. Huduma ya PostgreSQL iwe hai, iwe inasikiliza mtandao, kinga ya mtandao (fayawoli) iruhusu, orodha ya wageni ya PostgreSQL iwe na anwani yako, nenosiri liwe sahihi, na mtumiaji awe na ruhusa juu ya majedwali. Wengi huanza na Base, wanakataliwa, kisha wanabadilisha kila kitu kwa mpigo bila kujua ni mlango upi uliofungwa. Sisi tutaanzia ndani ya seva na kutoka nje mlango mmoja mmoja, na kila mlango tutaujaribu kabla ya kuuacha.

Mfano wetu ni hifadhidata ya maktaba ndogo. Seva inatumia Debian au Ubuntu na anwani yake ni 192.168.1.10. Kompyuta za makarani ziko kwenye mtandao huohuo, 192.168.1.0/24. Hakikisha anwani ya seva haibadiliki: ipangie anwani ya kudumu kwenye ruta au kwenye seva yenyewe. Seva inayoamka kila siku na anwani mpya itakusumbua hata kama mengine yote umeyapanga vizuri.

Hatua ya 1: Sakinisha PostgreSQL na uijue ilipo

Kwenye seva andika:

sudo apt install postgresql
pg_lsclusters

Amri ya pili ndiyo wengi wanaiacha, nami nakuomba usiiache. Itakuonyesha mstari kama huu:

16 main 5432 online postgres /var/lib/postgresql/16/main /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log

Soma namba ya toleo, namba ya poti (mlango wa mtandao ambao huduma inasikiliza), na hali yake. Niliwahi kupoteza karibu siku nzima kwenye seva moja kwa sababu ilikuwa na matoleo mawili, la 14 na la 16, na mimi sikujua. Nilikuwa nahariri faili za toleo la 16 wakati Base ilikuwa inagonga poti 5432, ambayo ilikuwa ya toleo la 14. Debian ikikuta toleo la zamani limeshika poti 5432, toleo jipya inalipa poti inayofuata iliyo wazi, yaani 5433. Kila nilichobadilisha kilikuwa sahihi, ila hakikuwa kwenye nyumba niliyokuwa naigonga. Pg_lsclusters ingeniambia hilo kwa sekunde moja.

Hatua ya 2: Tengeneza watumiaji na hifadhidata

Ingia kama msimamizi kwenye psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL:

sudo -u postgres psql

Tutahitaji watumiaji wawili. Mmoja ni mwenye hifadhidata, anayejenga na kubadilisha majedwali. Mwingine ni karani, ambaye kazi yake ni kusoma na kuandika rekodi. Kamwe usimpe karani jina la postgres, ambalo ni la msimamizi mkuu, ili mambo yaende haraka. Siku atakapofuta jedwali kwa bahati mbaya, seva haitakuwa na sababu ya kumkatalia.

CREATE ROLE mwenye_maktaba LOGIN;
\password mwenye_maktaba
CREATE ROLE karani LOGIN;
\password karani
CREATE DATABASE maktaba OWNER mwenye_maktaba;
\c maktaba
SET ROLE mwenye_maktaba;

Natumia \password badala ya kuandika nenosiri ndani ya CREATE ROLE kwa sababu nenosiri linasimbwa kabla ya kutumwa, na halibaki kwenye historia ya amri wala kwenye kumbukumbu za seva (faili za log). Ule mstari wa SET ROLE nao una kazi yake: kuanzia hapo majedwali yote unayotengeneza yanakuwa ya mwenye_maktaba, si ya msimamizi mkuu. Kwenye toleo la 15 au jipya zaidi, ukijaribu kujenga jedwali kwa jina la karani, utakutana na ujumbe "permission denied for schema public". Kuanzia toleo la 15, lililotoka mwaka 2022, si kila mtumiaji anayeruhusiwa kutengeneza vitu kwenye skima (kundi la majedwali) ya public. Mwenye hifadhidata anaruhusiwa.

Sasa majedwali:

CREATE TABLE vitabu (
  id serial PRIMARY KEY,
  kichwa varchar(200) NOT NULL,
  mwandishi varchar(120),
  mwaka smallint
);

CREATE TABLE wasomaji (
  id serial PRIMARY KEY,
  jina varchar(120) NOT NULL,
  simu varchar(20)
);

CREATE TABLE mikopo (
  id serial PRIMARY KEY,
  kitabu_id integer NOT NULL REFERENCES vitabu(id),
  msomaji_id integer NOT NULL REFERENCES wasomaji(id),
  tarehe_kutoka date NOT NULL DEFAULT current_date,
  tarehe_kurudi date
);

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, kila jedwali lina ufunguo msingi, yaani safuwima inayotambulisha kila rekodi bila kujirudia. Base ikikuta jedwali lisilo na ufunguo msingi inalionyesha vizuri tu, lakini haikuruhusu kubadilisha hata herufi moja. Ukiona fomu imegoma kuandika na haisemi kwa nini, anza kwa kuangalia hilo. La pili, majina yote yako kwa herufi ndogo na hayana nafasi katikati. PostgreSQL hugeuza kuwa herufi ndogo kila jina lisilowekwa ndani ya alama za nukuu, huku Base ikiyaweka majina ndani ya nukuu kama yalivyo. Ukitengeneza jedwali la "Vitabu" kupitia Base kisha ukaandika SELECT * FROM Vitabu kwenye psql, utaambiwa jedwali hilo halipo, na wewe unaliona kwa macho yako. Herufi ndogo zinakuondolea balaa hilo lote.

Kisha ruhusa za karani:

GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON ALL TABLES IN SCHEMA public TO karani;
GRANT USAGE, SELECT ON ALL SEQUENCES IN SCHEMA public TO karani;
ALTER DEFAULT PRIVILEGES IN SCHEMA public GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE ON TABLES TO karani;
ALTER DEFAULT PRIVILEGES IN SCHEMA public GRANT USAGE, SELECT ON SEQUENCES TO karani;

Usiusahau mstari wa pili. Safuwima ya aina ya serial inachukua namba yake kutoka kwenye kihesabio kilicho kando, na kihesabio hicho kina ruhusa zake. Karani mwenye ruhusa ya jedwali lakini asiye na ruhusa ya kihesabio ataweza kusoma na kuhariri, ila akijaribu kuongeza kitabu kipya atajibiwa "permission denied for sequence vitabu_id_seq". Mistari miwili ya mwisho inahusu majedwali yatakayotengenezwa baadaye na mwenye_maktaba, ili usirudi hapa kila mara.

Hatua ya 3: Ifanye seva isikilize mtandao

PostgreSQL ikishasakinishwa husikiliza kompyuta yake yenyewe tu. Hilo ni jambo jema, ila sasa tunataka isikilize na mtandao. Kwanza uliza faili la mipangilio liko wapi, usikisie. Toka psql kwa \q, uingie tena kama msimamizi, kisha:

SHOW config_file;
SHOW hba_file;

Fungua faili la kwanza, tafuta mstari wa listen_addresses, ondoa alama ya # mwanzoni, uandike:

listen_addresses = '*'

Wapo wanaopenda kuandika anwani yenyewe, 192.168.1.10. Nimeacha kufanya hivyo. Seva ikiwaka na PostgreSQL ikaanza kabla kadi ya mtandao haijapata anwani, inashindwa kuishika anwani hiyo: ama inagoma kuanza, ama, kama uliandika na localhost, inaendelea kusikiliza ndani tu. Asubuhi kila mtu amekwama, na wewe ukiangalia faili unaliona halina kosa. Nyota inakuepusha na hilo, na udhibiti wa nani anaingia tunauacha kwa milango miwili inayofuata.

Badiliko hili halikubali kusomwa upya tu, linataka huduma ianzishwe upya:

sudo systemctl restart postgresql
ss -ltn

Kwenye majibu ya ss tafuta 5432. Ukiona 127.0.0.1:5432 peke yake, seva bado inasikiliza ndani. Ukiona 0.0.0.0:5432, mlango huu uko wazi. Usiendelee mpaka uione.

Hatua ya 4: Orodha ya wageni

Faili la pg_hba.conf ndilo linaloamua nani aingie, kutoka wapi, kwenye hifadhidata ipi, na athibitishwe vipi. Ongeza mistari hii:

host  maktaba  karani          192.168.1.0/24  scram-sha-256
host  maktaba  mwenye_maktaba  192.168.1.37/32  scram-sha-256

Scram-sha-256 ni njia ya kuthibitisha nenosiri. Karani anaruhusiwa kutoka kompyuta yoyote ya mtandao wetu, kwa sababu /24 inamaanisha anwani zote zinazoanza na 192.168.1. Mwenye hifadhidata anaruhusiwa kutoka kompyuta moja tu, ile ninayofanyia kazi za usimamizi, ndiyo maana nimeandika /32.

PostgreSQL husoma faili hili kutoka juu kwenda chini na kuufuata mstari wa kwanza unaolingana na mgeni. Mstari huo ukimkatalia, haiendelei kutafuta mwingine. Kwa hiyo ukiwa na mstari mpana wa kukataa juu ya mstari wako, wa kwako hautafikiwa kamwe. Na ukiona mahali umeshauriwa kuandika trust badala ya scram-sha-256 ili "ijaribiwe kwanza", achana nao. Trust inamwingiza yeyote bila nenosiri, na mstari wa majaribio una tabia ya kubaki humo miaka.

Faili hili halihitaji huduma ianzishwe upya. Ndani ya psql andika:

SELECT pg_reload_conf();
SELECT line_number, database, user_name, address, auth_method, error FROM pg_hba_file_rules;

Hoja ya pili inasoma faili kama PostgreSQL inavyolielewa. Ukiwa umekosea nafasi au herufi, kosa litaonekana kwenye safuwima ya error pamoja na namba ya mstari. Uzuri wake ni kwamba unaliona kosa kabla ya mtumiaji wa kwanza kukupigia simu.

Hatua ya 5: Kinga ya mtandao

Kama seva inatumia ufw kama fayawoli, ruhusu poti hiyo kwa mtandao wa ndani tu:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 5432 proto tcp
sudo ufw status

Ikiwa ufw haijawashwa na unafanya kazi kwa SSH, yaani umeingia kwenye seva kutoka mbali, ruhusu SSH kwanza kwa sudo ufw allow OpenSSH, ndipo uiwashe. Vinginevyo utajifungia nje na itakubidi uiendee seva kwa miguu.

Hatua ya 6: Jaribu kutoka kompyuta ya karani, bila Base

Sasa nenda kwenye kompyuta ya karani. Kama inatumia Windows, fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 5432

Unatafuta mstari unaosema TcpTestSucceeded : True. Kwenye Linux andika:

nc -zv 192.168.1.10 5432

Kama psql imesakinishwa hapo, jaribu na kuingia kabisa: psql -h 192.168.1.10 -U karani maktaba. Ukiingia na SELECT * FROM vitabu ikakubali, hata kama jedwali ni tupu, kilichobaki ni Base peke yake.

Hatua ya 7: Base

Kwenye Debian na Ubuntu draiva ya PostgreSQL iko kwenye kifurushi cha pembeni, libreoffice-sdbc-postgresql. Kama PostgreSQL haionekani kwenye orodha ya Base, sakinisha hicho kisha funga LibreOffice uifungue tena.

Anza hifadhidata mpya. Kwenye ukurasa wa kwanza chagua "Connect to an existing database" na kwenye orodha chagua "PostgreSQL". Matoleo mapya yanakupa visanduku vya jina la hifadhidata, seva na poti. Matoleo ya zamani yana kisanduku kimoja tu, nawe unaandika humo:

dbname=maktaba host=192.168.1.10 port=5432

Kama una kisanduku kimoja, usiongeze nenosiri ndani yake. Draiva italikubali, lakini litahifadhiwa wazi ndani ya faili la .odb, na yeyote atakayelipata faili ameupata ufunguo. Kwenye ukurasa unaofuata andika karani kama jina la mtumiaji, weka alama kwenye "Password required", ubofye "Test Connection". Ukikubaliwa, hifadhi faili kwenye diski ya kompyuta hiyo, si kwenye folda ya pamoja.

Ukibofya Tables utaona skima ya public yenye majedwali yako, na pembeni yake pg_catalog na information_schema zenye vitu vingi vya ndani vya PostgreSQL. Nenda Tools, kisha Table Filter, uondoe alama kwenye hizo mbili. Karani hana shughuli nazo, na orodha fupi inamsaidia asipotee.

Base ikikataa, usome ujumbe wenyewe

Ninapoitwa kusaidia, swali langu la kwanza huwa ni "imeandika nini?" Jibu ninalopata mara nyingi ni "imekataa tu." Ujumbe wa PostgreSQL ni mkweli sana, na kila mmoja unakuonyesha mlango wake.

"Connection refused" maana yake umeifikia kompyuta lakini kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza. Rudi hatua ya 3: ama huduma imezimika, ama listen_addresses haijabadilika, ama umekosea poti.

Ukingoja muda mrefu kisha ukaambiwa muda umekwisha, ujumbe wako umemezwa njiani. Hapo mshuku mkuu ni kinga ya mtandao, au anwani isiyo sahihi, au karani ameunganishwa kwenye mtandao wa wageni ulio tofauti na ule wa seva. Hili la mwisho hutokea sana kwa wanaotumia kompyuta mpakato.

"no pg_hba.conf entry for host "192.168.1.52", user "karani", database "maktaba"" ni ujumbe ninaoupenda. Unaonyesha kwamba mtandao mzima uko sawa, umeifikia PostgreSQL yenyewe, na imekutajia neno kwa neno mstari unaokosekana. Linganisha anwani, jina na hifadhidata iliyotajwa na mstari wako kwenye pg_hba.conf. Tofauti itaonekana.

"password authentication failed for user "karani"" haimaanishi nenosiri tu. PostgreSQL inatoa ujumbe huohuo hata kama mtumiaji huyo hayupo kabisa, ili isimsaidie mtu anayebahatisha majina. Ukweli uko kwenye kumbukumbu za seva, lile faili lililotajwa na pg_lsclusters. Likikuambia Role "karani" does not exist, basi ulimtengeneza mtumiaji kwenye seva nyingine, au uliandika jina tofauti.

"authentication method 10 not supported" inatokana na Base ya zamani isiyojua SCRAM. Sasisha LibreOffice. Utakuta ushauri wa kurudisha md5, njia ya zamani ya kuthibitisha nenosiri, kwenye seva. Mimi siufuati, kwa sababu unawashushia watu wote ulinzi kwa ajili ya kompyuta moja iliyochelewa.

Ukishaingia kisha ukaona "permission denied for table", milango yote ya mtandao iko wazi na tatizo ni GRANT. Usiende kugusa ruta.

Fomu, hoja, na sheria zinazokaa kwenye seva

Kuchora fomu hakubadiliki kwa kuwa data iko mbali, ila tabia mbili tatu zinabadilika.

Fomu iliyofunguliwa haijui kwamba mwenzako ameongeza rekodi dakika hii. Inaonyesha ilichokisoma ilipofunguka. Wafundishe makarani kubofya kitufe cha kusoma upya kwenye upau wa chini kabla ya kusema rekodi haipo. Usifungue fomu juu ya jedwali zima lenye rekodi nyingi pia. Ijenge juu ya hoja inayochuja, kwa mfano mikopo ambayo tarehe_kurudi yake ni tupu. Mtandao unapumua na karani anaona kinachomhusu.

Hoja zenye maneno ya PostgreSQL ambayo Base haiyajui zitakataliwa na Base yenyewe kabla hazijafika kwenye seva. Kwenye dirisha la kuandikia SQL kuna kitufe cha "Run SQL command directly". Kibofye, na hoja itapelekwa kama ilivyo. Njia ninayoipenda zaidi ni kuiweka hoja ngumu kwenye seva kama mwonekano, kwa jina la mwenye_maktaba:

CREATE VIEW vilivyo_nje AS
SELECT m.id, v.kichwa, w.jina, m.tarehe_kutoka
FROM mikopo m
JOIN vitabu v ON v.id = m.kitabu_id
JOIN wasomaji w ON w.id = m.msomaji_id
WHERE m.tarehe_kurudi IS NULL;

Bofya View, kisha Refresh Tables, na mwonekano utajitokeza kama jedwali la kusoma. Ukiurekebisha mara moja kwenye seva, kompyuta zote zimepata marekebisho.

Sheria za kazi nazo ziweke kwenye seva. Kwenye maktaba yetu kila rekodi ya kitabu ni nakala moja, kwa hiyo nakala hiyo haiwezi kuazimwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Unaweza kuandika makro (programu ndogo) ndani ya fomu ya kukagua hilo, lakini makarani wawili wakibofya kwa pamoja, kila fomu itakagua, itaona kitabu kipo, na zote mbili zitaandika. Seva peke yake ndiyo inayowaona wote wawili. Mstari mmoja unatosha:

CREATE UNIQUE INDEX kitabu_kimoja_nje ON mikopo (kitabu_id) WHERE tarehe_kurudi IS NULL;

Kompyuta nyingine, na walio mbali

Kila karani awe na nakala yake ya .odb kwenye diski yake. Weka nakala mama mahali pamoja, ibadilishe wewe tu, na ukishaongeza fomu au ripoti wagawie upya. Hakuna data itakayopotea kwa kubadilisha faili hilo, kwa sababu data haimo. Ukihamisha seva, anwani inabadilishwa kupitia Edit, Database, Properties. Kama unatumia ripoti za Report Builder, hizo zinahitaji Java kwenye kila kompyuta, hata kama kuunganisha hakuhitaji.

Kwa anayefanya kazi kutoka nje, usifungue poti 5432 kwenye ruta. Tumia njia ya SSH:

ssh -L 5433:localhost:5432 jina@anwani-ya-seva

Dirisha hilo likiwa wazi, Base yake inaelekezwa kwenye localhost, poti 5433. Kwa PostgreSQL anaonekana kama mtu aliye ndani ya seva, na kila kinachopita njiani kimesimbwa.

Nakala rudufu

Zamani ulikuwa unanakili faili moja ukalala. Sasa .odb haina rekodi, na kuinakili hakuokoi chochote isipokuwa fomu. Kwenye seva:

sudo -u postgres pg_dump -Fc maktaba > maktaba.dump
sudo -u postgres pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql

Ya pili inahitajika kwa sababu pg_dump haichukui watumiaji na nywila zao. Iweke kazi hii kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) kila usiku, nakala zihamishiwe kompyuta nyingine, na mara kwa mara rudisha mojawapo kwenye hifadhidata ya majaribio:

sudo -u postgres createdb maktaba_jaribio
sudo -u postgres pg_restore -d maktaba_jaribio < maktaba.dump

Hesabu rekodi za mikopo pande zote mbili uone kama zinalingana.

Jaribio la watu wawili

Kabla ya kuwakabidhi makarani, kaa na mmoja wao, kila mtu kwenye kompyuta yake. Ingizeni kitabu kimoja na wasomaji wawili. Fungueni wote fomu ya mikopo, chagueni kitabu kilekile, kila mtu na msomaji wake, kisha hesabuni mpaka tatu mhifadhi pamoja. Kwa mmoja rekodi itakubaliwa. Kwa mwingine Base italeta kisanduku chenye "duplicate key value violates unique constraint "kitabu_kimoja_nje"". Abofye sawa, aifute rekodi aliyoianza, asome fomu upya, na mkopo wa mwenzake utatokea mbele yake.